Saini ya Kidijitali na Mwenye Ufunguo

Saini ya kidijitali ilianza kama wazo lisilo na njia ya kulitekeleza. Novemba 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha makala iliyopendekeza kila mtu awe na funguo mbili zinazohusiana kihesabu: mmoja autunze kwa siri, mwingine autangaze kwa watu wote. Biashara haikuwa mbali na mawazo yao. Walieleza kwamba mkataba hupata nguvu yake kutokana na saini, na kwamba kampuni zitaendelea kutumiana karatasi hadi kipatikane kitu cha kompyuta kitakachofanya kazi hiyo hiyo.

Njia ilipatikana mwaka uliofuata. Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa chuo cha MIT walitumia sifa moja ya namba tasa: kuzidisha namba mbili kubwa za aina hiyo ni kazi rahisi, lakini kulitazama jibu na kuzitambua namba zilizozaa jibu hilo ni kazi inayoshinda kompyuta. Maelezo yao yalichapishwa Februari 1978, na kanuni hiyo ikapewa jina la RSA kutokana na herufi za kwanza za majina yao ya ukoo.

Utaratibu uliokuja kuzoeleka ni huu. Programu hukokotoa muhtasari wa hati, yaani mfuatano mfupi wa tarakimu unaotokana na kila herufi iliyomo, kisha ufunguo wa siri wa mtiaji saini hutumika juu ya muhtasari huo. Mpokeaji hukokotoa muhtasari wake mwenyewe na kuulinganisha na saini kwa kutumia ufunguo wa wazi. Sifuri moja ikiongezwa kwenye ankara baada ya kusainiwa, hesabu hazikubaliani tena. Kwa sababu hiyo picha ya saini ya kalamu iliyobandikwa kwenye hati, ambayo ofisi nyingi bado huiita saini ya kidijitali, haistahili jina hilo: yeyote anaweza kuinakili na kuihamishia kwenye hati nyingine.

Hesabu, hata hivyo, haikujibu swali ambalo mfanyabiashara yeyote angeliuliza kwanza: ufunguo huu wa wazi ni wa nani? Jibu lilitoka mwaka 1978 kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa MIT, Loren Kohnfelder, aliyependekeza vyeti: mtu wa tatu anayeaminika husaini taarifa kwamba ufunguo fulani ni mali ya mtu fulani. Mwaka 1988 muundo wa vyeti ukawekewa kiwango cha kimataifa, X.509, kinachotumika mpaka leo.

Sheria zilifuata kwa mwendo wa polepole. Jimbo la Utah, Marekani, lilitunga sheria ya saini za kidijitali mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake. Jumuiya ya Ulaya ikatoa mwongozo wake mwaka 1999, na Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa ikaandaa sheria ya mfano mwaka 2001. Rais Bill Clinton aliidhinisha sheria ya Marekani tarehe 30 Juni 2000 mjini Philadelphia, kwa kalamu na pia kwa kadi ya kielektroniki. Neno la siri la kadi hiyo liliripotiwa kuwa Buddy, jina la mbwa wake, ambalo Marekani nzima ililijua. Sherehe ilifana, somo la usalama lilikuwa baya.

Estonia ndiyo iliyoigeuza saini hii kuwa jambo la kila siku. Ilianza kutoa vitambulisho vyenye chipu mwaka 2002, na wenye kampuni wakazoea kusaini mikataba bila kukutana. Mwaka 2017 watafiti waligundua kasoro katika jinsi chipu za kadi hizo zilivyotengeneza funguo. Serikali ilisimamisha vyeti vya kadi zaidi ya 700,000 mwezi Novemba na kuwataka wenyewe wavihuishe. RSA yenyewe haikuvunjwa. Kilichokosewa ni uzalishaji wa namba.

Nchini Uholanzi, mambo yaliishia pabaya zaidi. Kampuni ya DigiNotar, iliyotoa vyeti hata kwa serikali, iliingiliwa na wadukuzi mwaka 2011. Walijitengenezea vyeti bandia zaidi ya 500, na mwezi Septemba mwaka huo kampuni ikafilisika. Muhtasari nao huchakaa. Mwaka 2017 watafiti wa Amsterdam na Google walionyesha nyaraka mbili tofauti za PDF zenye muhtasari mmoja wa aina ya SHA-1, kwa hiyo aina hiyo haifai tena kwa mikataba. Masijala inayohifadhi hati kwa miaka mingi inahitaji pia muhuri wa muda, wazo la Stuart Haber na Scott Stornetta la mwaka 1991, ili ithibitike kuwa saini iliwekwa kabla cheti hakijaisha au kufutwa.

Katika Afrika Mashariki, Tanzania ilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015. Kenya ilirekebisha sheria zake za biashara Machi 2020, ikaikubali saini ya kielektroniki ya kiwango cha juu katika mikataba na kuondoa ulazima wa kampuni kugonga lakiri kwenye nyaraka zake. Sheria ya Tanzania huihesabu saini kuwa salama ikiwa ni ya pekee kwa matumizi yake, inamtambulisha aliyesaini, imewekwa kwa njia iliyo chini ya mamlaka yake peke yake, na inafichua badiliko lolote katika hati. Sharti la tatu ndilo linalovunjwa kirahisi. Mkurugenzi anayemwachia karani kifaa chake cha ufunguo pamoja na namba ya siri, ili kazi zisilale anaposafiri, amelikiuka siku hiyo hiyo, na hakuna urefu wa ufunguo unaoweza kuifanya saini hiyo iwe yake.