Jina Linapata Bei Namna Gani? Historia ya Kamera Moja Yenye Majina Mawili

Leo ninawaletea historia ya aparey ndogo ya kupiga foto, ile ya kuingia mfukoni. Ni kitu kidogo, lakini ndani yake kuna swali kubwa linalotuhusu sisi pia.

Mwezi wa saba 2013, kompani ya Uswidi inayoitwa Hasselblad ilitangaza kamera mpya, jina lake Stellar. Mwaka mmoja mbele yake, Sony ya Japani ilikuwa imekwisha kutoa kamera yake RX100. Ukiziweka mbili hizi pamoja, unakuta lenzi ni ile ile na foto zake ni zile zile, za megapikseli 20. Ile ya Sony ilitoka kwa dola 650 hivi. Ile ya Hasselblad iliombwa karibu dola 2.000. Kilichoongezwa ni mshikio wa mbao, sura ya nje, na jina. Kama watu wanavyosemaka hapa kwetu: aparey njo ile ile, jina tu njo ilibadilika.

Tena kulikuwa na jambo lingine. Wakati Stellar inatangazwa, Sony ilikuwa tayari imetoa RX100 ya pili, yenye nguvu zaidi. Maana yake, mwenye kulipa mara tatu alikuwa analipia kamera ya mwaka uliopita.

Mimi nilisoma historia, sikusoma biashara. Kwa hiyo sitauliza kama bei ile ilikuwa ya haki. Ninauliza hivi: zile dola 1.350 za juu zilikuwa zinanunua nini? Jina linatoka wapi na bei yake?

Turudi nyuma. Hasselblad ilianza kama nyumba ya biashara mjini Gothenburg, mwaka 1841. Wakati wa vita ya pili ya dunia, jeshi la Uswidi lilimwomba Victor Hasselblad atengeneze kamera za kupiga foto kutoka kwenye ndege. Vita ilipokwisha, akageukia raia. Mwaka 1948 alionyesha kamera yake ya kwanza ya watu wote, 1600F. Ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa inaharibika haraka. Hakuificha kwa kuipaka rangi. Aliirekebisha miaka na miaka, mpaka 1957 ilipotoka 500C, ambayo wapiga foto wa studio duniani waliipenda kweli.

Mwaka 1962, mwanaanga wa Marekani Walter Schirra alinunua 500C katika duka la kawaida mjini Houston, akapanda nayo angani. Hakuna mtu wa matangazo aliyemtuma. Miaka saba baadaye, Julai 1969, foto ambazo Neil Armstrong alipiga juu ya mwezi zilipigwa kwa Hasselblad. Basi, hapo ndipo jina lilipopata uzito. Lilijengwa na mafundi waliorekebisha makosa, na watu waliotumia chombo mahali ambapo foto ikikosa, hakuna kurudia.

Sasa kuna wenye kusema: tatizo la Stellar ni kuchukua kazi ya mwingine. Mimi ninaona hapana, si hapo. Lenzi za Hasselblad zilizokwenda mwezini zilikuwa za Zeiss, Wajerumani, na jina la Zeiss lilikuwa limeandikwa wazi. Mwaka 1998 Hasselblad ilitoa XPan, kamera ya foto ndefu za mandhari, pamoja na Fuji ya Japani. Kule Japani kamera hiyo iliuzwa kwa jina la Fuji TX-1. Mwili mmoja, majina mawili, na hata leo watu wanaitafuta sana. Juu ya nini? Juu wakati ule kamera ya namna ile ilikuwa ngumu kupata mahali pengine. Mbao peke yake haikuwa sababu ya kuinunua.

Mfano mwingine ni Leica ya Ujerumani. Oskar Barnack alitengeneza ya kwanza kabla ya vita ya 1914, na ikaingia sokoni 1925. Ilikuwa ndogo, ya kubebwa barabarani, na ilibadilisha kabisa kazi ya waandishi wa habari. Lakini zama za elektroniki zilipofika, Leica ilijikuta nyuma. Panasonic, upande wake, ilikuwa na elektroniki nyingi, lakini nani alikuwa anaijua Panasonic kama jina la kamera? Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 wakashikana mkono. Kamera za Panasonic zikapata lenzi zenye jina la Leica. Leica ikapata kamera ndogo zilizotoka kwa Panasonic, ikaweka juu yake nukta yake nyekundu, ikaziita D-Lux. Mwaka 2018, D-Lux 7 iliuzwa kwa dola 1.195 wakati dada yake ya Panasonic, LX100 ya pili, ilikuwa dola 1.000 hivi.

Tofauti ya bei iko, ndiyo, lakini si mara tatu. Na hapo kulikuwa na kupeana: huyu analeta jina na ujuzi wa vioo, yule analeta mashini. Zaidi ya hiyo, Leica haikuacha kazi yake yenyewe. Mwaka 2005 ilikuwa karibu kufilisika, lakini 2006 ilitoa M8, kamera ya elektroniki ya ukoo wake wa zamani wa M. Jina lilikuwa linatumika, na lilikuwa linaongezwa pia. Ni kama shamba: unavuna, lakini mbegu unaweka.

Hasselblad ya 2012 na 2013 ilivuna bila kupanda. Mbele ya Stellar ilitangaza Lunar, jina la kukumbusha mwezi. Ndani ilikuwa Sony NEX-7, kamera ya dola 1.200 hivi bila lenzi. Bei ya Lunar ilianzia karibu euro 5.000, na mshikio wa mbao au ngozi. Wapiga foto, watu wale wale waliobeba jina la Hasselblad kwa miaka, wakacheka. Na mteja akicheka jina lako, hapo umekwisha kupoteza kitu ambacho hakionekani katika kitabu cha hesabu.

Mwaka 2015 uongozi ulibadilishwa na njia ile ikaachwa. Mwaka 2016 Hasselblad ilitoa X1D, kamera yake yenyewe, iliyotengenezwa Gothenburg, na watu wakaanza tena kulitaja jina hilo kwa heshima. Lakini DJI, kompani ya Kichina ya ndege ndogo zisizo na rubani, ilikuwa imekwisha kununua sehemu yake. Baadaye ilichukua sehemu kubwa.

Sasa, hii inatuhusu nini sisi Wakongomani? Betri nyingi za kamera na telefone zina kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka hapa kwetu, upande wa Kolwezi na Likasi. Hakuna aparey inayoandikwa Kolwezi juu yake. Kuna ndugu wengi wanaosema dawa ni rahisi: tubandike jina letu, bendera yetu, basi bei itapanda. Ninaelewa hasira hiyo, na nusu yake ni kweli. Mwenye jina njo anakulaka faida kubwa. Hata Sony, pamoja na ukubwa wake, kamera yake ile ile iliuzwa mara tatu chini ya ile yenye jina la wengine.

Lakini nusu nyingine tusiikimbie. Kati ya 1600F na 500C kuna miaka tisa ya kurekebisha. Jina ni akiba ya kazi ya watu waliotangulia, na anayelirithi anaweza kulikula lote kwa miaka miwili. Sisi wenye diplome tunalijua hilo: muhuri wa chuo unakufungulia mlango siku ya kwanza. Siku ya pili watataka kuona mikono yako inajua nini. Na ukishindwa, mdogo wako mwenye muhuri ule ule atakuta mlango umefungwa.

Kazi bila jina inalipwa kidogo. Jina bila kazi linalipwa mara moja tu.