Njia ya Kidonge cha Vikope

Barabara ya Dodoma kwenda Kondoa inaipasua Wilaya ya Chemba, ambayo hadi 2012 ilikuwa sehemu ya Kondoa. Katika nyanda hizi kavu za kati, penye mifugo, nzi na maji ya kuchota mbali, wazee wanaujua ugonjwa wa vikope, yaani trakoma. Ukope hujipinda kwa ndani, nywele zake zikakwaruza jicho mpaka mtu akapofuka.

Zamani tiba ilikuwa dawa ya kupaka ya tetrasaiklini, mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Mama mwenye watoto watano na shamba la uwele angeimaliza lini? Kisha ikaja kingatiba ya azithromaisini: mgawa dawa anakupima urefu kwa fimbo, unameza mara moja, basi. Nimeifuata njia ya kidonge hicho kinyumenyume, nijue nani aliamua kitengenezwe.

Kituo cha kwanza ni Kongwa, humuhumu mkoani Dodoma. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa macho walifanya kazi vijijini huko, na matokeo ya jaribio lao la kuwanawisha watoto uso yalichapishwa 1995. Kisha kikafuata kidonge: mwaka 1998 kampuni ya Pfizer ya New York na taasisi ya hisani ya Edna McConnell Clark zilianzisha Mpango wa Kimataifa wa Trakoma. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi tano za kwanza kupewa dawa bure.

Lakini Pfizer hawakuivumbua. Ilizaliwa Zagreb, Yugoslavia ya wakati huo, mwaka 1980, katika maabara ya kiwanda cha Pliva, mikononi mwa kikundi kilichoongozwa na Slobodan Đokić. Kwa sheria za Yugoslavia kiwanda kilikuwa mali ya jamii, na baraza la wafanyakazi lilikuwa na sauti katika kugawa mapato. Hapakuwa na mwenye hisa wa kudai gawio kila mwaka, na utafiti wa miaka mingi uliweza kusubiriwa.

Kilichokosekana ni mtaji wa kuifikisha dawa duniani. Pfizer waliiona hataza yake Marekani, na 1986 wakaingia mkataba: Pliva wauze Ulaya ya Mashariki, Pfizer sehemu kubwa iliyobaki. Dawa hiyo, kwa jina la Zithromax, ikaidhinishwa Marekani 1991, ikaleta mabilioni ya dola.

Pliva nayo ikabadilika. Hisa zake zikaingia soko la London 1996. Mwaka 2006 taasisi yake ya utafiti ikauzwa kwa GlaxoSmithKline, na kampuni yenyewe ikanunuliwa na Barr ya Marekani; 2008 Barr ikamezwa na Teva. Ndani ya miaka 30 kiwanda kilichovumbua dawa hiyo kilikuwa tawi la kampuni ya mbali, na maabara yake ilikuwa na mwenye mwingine.

Katika vikao vyote hivyo hakuna kilichoketi kwa ajili ya vikope. Zagreb walitafuta kiuavijasumu bora, New York wakatafuta soko. Mgonjwa wa Dodoma alifikiwa baadaye, kwa hisani. Na hisani hiyo ina mwaka wa kukoma, ambao umekuwa ukisogezwa mbele kwa uamuzi wa Pfizer. Wanaotaka dawa za magonjwa ya kwetu zitafitiwe kwa makusudi hawana budi kuuliza kwanza nani wanakaa kwenye bodi, na wanawajibika kwa nani.