Kwa Nini Gumegume Haijafa



Katika masomo ya historia tulifundishwa kwamba wazee wetu walishindwa na wakoloni kwa sababu ya silaha duni. Ni kweli, lakini yafaa tujue uduni huo ulitoka wapi.

Bunduki ya gumegume huwashwa kwa jiwe. Mpigaji humimina baruti mdomoni mwa mtutu, hutia risasi na kuishindilia kwa mdeki. Akifyatua, jiwe hugonga chuma, cheche huwasha baruti kidogo iliyowekwa kando, na moto hupenya tunduni hadi ndani. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiiacha na kuchukua bunduki za fataki. Nyingi za zile kuukuu zikauzwa Afrika, na zile zilizopitia Unguja zilifika hadi Unyamwezi.

Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa 1890. Uliwekea vizuizi vikali uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu yote ya Afrika iliyo kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini. Gumegume zenye mtutu laini ndani, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachwa ziuzwe. Basi uduni ule haukuwa ujinga wa wazee wetu. Uliandikwa katika sheria. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wapiganaji walikabili bombomu za Wajerumani kwa magobore, mikuki na mishale.

Ajabu ni kwamba silaha hiyohiyo sasa hutafutwa kwa hiari. Huko Pennsylvania, Marekani, tangu 1974 umetengwa msimu wa kuwinda kulungu kwa gumegume. Walenga shabaha nao hushindana kimataifa chini ya chama cha MLAIC, kilichoundwa 1971. Nionavyo mimi, wanavutiwa na ugumu wake. Risasi ni moja tu. Mvua ikilowesha baruti, mawindo yamekwenda. Na baada ya kufyatua, mkono lazima utulie mpaka moto ufike ndani.

Sisemi haya kumshawishi mtu amiliki silaha. Sheria ya silaha ipo na iheshimiwe. Ninachowaomba vijana ni hiki: mkutanapo na chombo cha kale vitabuni, msiulize tu kina umri gani. Ulizeni ni nani aliyekichagua, na ni nani aliyenyimwa kingine.