Somo la Historia: Rangi ya Shanga

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: shanga, rangi, bei. Leo tutajifunza habari za shanga zilizopita Morogoro zamani, na kwa nini rangi yake ilikuwa jambo kubwa.

Kabla ya sarafu kuenea huku bara, shanga zilitumika kama fedha. Misafara ilitoka pwani kwenda Unyamwezi na Ujiji. Njia moja ilipita kusini ya milima ya Uluguru, penye Zungomero katika nchi ya Wakutu. Njia nyingine ilipita kaskazini ya milima, penye Simbamwene, mji uliojengwa na Kisabengo karibu na ulipo mji wa Morogoro leo. Wapagazi walichukua nguo, masango, yaani nyaya nene za shaba, na shanga za kioo. Nyingi ya shanga hizo zilitengenezwa Venice, katika Italia.

Mwaka 1857 Mwingereza mmoja, Richard Burton, alipita Zungomero. Aliandika kwamba shanga za biashara zilikuwa namna kama 400. Nyekundu, zilizoitwa samisami, zilipendwa sana. Watu walizipa na jina lenye maana ya "vivunja mji", kwa kuwa wanawake walizitamani mno.

Mwaka 1871 alipita Henry Stanley katika Simbamwene, akienda kumtafuta Livingstone. Alikuwa amenunua Unguja namna 11 za shanga, zikajaa magunia 22. Kwa nini namna nyingi hivyo? Kwa sababu kila nchi ilikuwa na rangi yake. Shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo, lakini kwingine zilikataliwa. Msafiri mwenye rangi isiyotakiwa aliweza kuwa na mzigo mzima wa shanga, na asipate hata kibaba kimoja cha mtama.

Hapa tunajifunza mambo mawili. La kwanza, mnunuzi wa kijijini hakuwa mjinga. Alijua anachotaka, na mfanya biashara aliyemdharau alipata hasara. La pili, kazi ya kutengeneza shanga hizo ilifanywa ng'ambo, na faida ya kazi hiyo ilibaki huko. Huku tulitoa chakula na pembe za ndovu, tukapokea kioo.

Je, wazee wetu hawakujua kutia rangi? Walijua sana. Wasukaji wa mikeka hutia ukindu rangi kabla ya kuusuka. Ujuzi huo waweza kutumika kwa shanga za mti, nasi tutaueleza kwa ufupi.

Chagua mti mweupe uliokauka. Kata vipande vidogo, vitoboe kwa keekee, kisha visugue kwa msasa. Usipake mafuta kwanza, maana mafuta huzuia rangi isiingie. Ukitaka njano, twanga manjano, kiungo kinacholimwa katika miteremko ya Uluguru, uyachemshe pamoja na shanga. Ukitaka wekundu wa udongo, chemsha magome ya mkoko yatokayo pwani. Ukitia misumari yenye kutu katika maji hayo ya magome, rangi hugeuka kuwa nyeusi. Anika shanga kivulini, kwa sababu rangi ya manjano huchujuka upesi juani. Zikikauka kabisa, zipake nta kidogo, halafu zitunge uzi.

Lakini kabla ya kutia rangi shanga nyingi, nenda sokoni kwanza. Waulize wanunuzi wapenda rangi gani. Stanley alilazimika kuuliza hivyo kabla ya kufunga magunia yake, nawe huwezi kulikwepa swali hilo.

Sasa jibuni maswali haya darasani:

1. Kwa nini misafara ilichukua shanga za rangi nyingi?
2. Faida ya kutengeneza shanga za kioo ilikwenda kwa nani?
3. Kijijini kwenu mna miti gani itoayo rangi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.