Kabla Hujasema Watu wa Pwani ni Wavivu



Kuna stori moja hainiishii masikioni. Panda matatu ya Keroka, kaa kinyozi pale Daraja Mbili, au nenda matanga popote Nyamira: mtu akitoka kutembea Mombasa, utamsikia tu. "Mji mzuri, lakini hao watu wa pwani! Wavivu! Wanakaa tu chini ya mnazi." Halafu wote wanacheka, na maneno yanapita kama sala.

Leo nataka tuongee juu ya hayo maneno, kwa sababu yana historia, na historia yenyewe inafika mpaka hapa kwetu, ndani ya jela ya mji wetu. Nipe dakika chache tu. Tutaanzia Mombasa ya miaka ya 1800, kabla ya reli, halafu tutarudi nyumbani.

Mombasa ya wakati huo ilikuwa mji mdogo wa kisiwani. Ngome ya Yesu ilishajengwa na Wareno tangu miaka ya 1590, na Waomani walishaiteka mwaka wa 1698. Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa waliokuwa wakitawala ni ukoo wa Mazrui. Lakini mji haukuwa wa Mazrui peke yao. Waswahili wenyewe walikuwa mataifa kumi na mawili, yaliyogawanyika katika makundi mawili: Tisa Taifa na Tatu Taifa. Kila kundi na wazee wake, na kila kundi na marafiki wake bara, miongoni mwa Wamijikenda. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa mji huo, aliishi na kutunga katikati ya ugomvi huo wa Mazrui na Sultani wa Oman. Mwaka wa 1837 Seyyid Said alishinda, na Mombasa ikawa chini ya Zanzibar.

Hiyo ndiyo historia tuliyofundishwa: nani alitawala, nani alipinduliwa. Mimi nataka kuuliza swali la mtu wa shamba. Huo mji ulikula nini, na nani alifanya kazi?

Chakula kilitoka ng'ambo, bara. Wagiriama, Warabai, Waduruma na ndugu zao wengine walileta mtama, sandarusi na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na waya. Wakamba nao waliteremka na misafara ya pembe. Mtu kama Kivoi, mfanyabiashara wa Kitui, alijulikana Mombasa kabla mzungu yeyote hajaingia nchi yake. Krapf, yule mmishonari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka wa 1844 na akakuta biashara hiyo inaendelea vizuri bila yeye.

Sasa tuje kwa kazi. Kazi ngumu ya pwani, kwa sehemu kubwa, ilifanywa na watumwa. Wengi waliletwa kutoka kusini kupitia Kilwa: Wayao, Wamakua, na watu wa ziwa Nyasa. Mwaka wa 1845 Waingereza walimfanya Seyyid Said atie sahihi mkataba wa kuzuia kupeleka watumwa Arabuni. Ungedhani utumwa ungepungua. Wapi! Watumwa waliendelea kuletwa, na wengi wakabakishwa huku huku kulima. Malindi, mji uliokuwa umebaki magofu, ulianza kujengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1860, ukawa na mashamba makubwa ya mtama na simsim, yaliyolimwa na watumwa. Mtama huo ulipakiwa kwenye majahazi kwenda kulisha Arabuni.

Na mjini je? Wachukuzi wa bandarini, mabaharia, waliochoma chokaa na kujenga zile nyumba za mawe tunazopiga picha Mji wa Kale, wengi wao walikuwa watumwa. Kulikuwa na ngazi. Chini kabisa ni mtumwa mjinga, yaani mgeni ambaye hajajua Kiswahili wala desturi. Juu yake ni mzalia, aliyezaliwa pwani. Juu ni mwungwana. Na kulikuwa na mtumwa aliyetumwa na bwana wake kutafuta kazi ya siku mjini, kisha jioni akagawana ujira na bwana. Huyo aliitwa kibarua. Ndiyo, neno lile lile unalolitumia ukisema unaenda kibarua cha mjengo Suneka. Ukilitamka kesho, kumbuka lilianzia kwa mtu ambaye mshahara wake ulikuwa na mwenyewe mwingine.

Tena, si wote walitekwa kwa bunduki. Njaa ilipokuja, na katika karne ile ilikuja mara nyingi, kuna familia za Wamijikenda zilizoweka watoto wao rehani kwa watu wa mjini ili zipate nafaka. Mvua ikinyesha, unaenda kumkomboa mtoto. Ukichelewa au ukikosa, mtoto anaweza kuwa amekwenda. Hebu fikiria huo uamuzi. Mzazi anachagua ni yupi aende ili wengine wale.

Lakini hawa watu hawakukaa tu. Walitoroka. Watoro walijenga vijiji vyao huko msituni, na kimoja kilichojulikana sana ni Fuladoyo, nyuma ya Takaungu. Walilima, wakajilinda kwa silaha. Wengine walikimbilia misheni ya Rabai. Baada ya Sultani Barghash kulazimishwa kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka wa 1873, wamishonari wa Kianglikana walianzisha kijiji cha Freretown mwaka wa 1875, ng'ambo ya kisiwa, kwa watu waliokombolewa kutoka majahazini. Hapo kulikuwa na kengele ya kuonya watu wakati wa hatari. Ukifika Nyali utaikuta bado, na mahali penyewe panaitwa Kengeleni. Waliokuwa walimu na viongozi hapo si wazungu tu. Kulikuwa na Waafrika waliokombolewa wakiwa watoto, wakalelewa India, wakarudi wakiwa na ujuzi: watu kama William Jones na Ishmael Semler. James Mbotela, mtoto wa ukoo wa waliokombolewa, aliandika habari hizo katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka wa 1934.

Mwaka wa 1888 mabwana walikuja juu: watumwa wetu wamejificha misheni, turudishieni! Kampuni ya Waingereza iliyokuwa imeanza kushika pwani ilihesabu watoro hao, wakapatikana zaidi ya 1,400. Ikawalipa mabwana fidia, na watoro wakapewa hati za uhuru. Mabwana walilipwa pesa. Aliyefanya kazi bure miaka yote alipewa karatasi.

Mambo yakaenda hivyo hivyo. Mwaka wa 1895 Uingereza ikatangaza himaya yake. Mwaka wa 1896 reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa, na kazi hiyo ikaletewa watu kama 32,000 kutoka India. Utumwa wenyewe pwani ya Kenya haukufutwa kisheria mpaka 1907. Mabwana wakafidiwa tena. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi pwani. Mwenye karatasi au ushahidi wa kiungwana akaandikiwa shamba. Mtumwa aliyelilima hilo shamba, na Mgiriama aliyelihesabu kuwa la wazee wake, wengi wao wakabaki bila kitu. Ukisikia leo habari za maskwota Kilifi na Kwale, usifikiri wameanguka kutoka mbinguni. Sehemu kubwa ya mzizi iko hapo.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo lile neno "mvivu" linaingia.

Baada ya 1907, wenye mashamba walikosa watu. Walowezi wa Kizungu nao walikuwa wameanza mashamba yao pwani, wakitaka mikono. Serikali ikageukia Wagiriama. Wagiriama wakakataa. Na kwa nini wasikatae? Walikuwa na mashamba yao, hasa kule mto Sabaki. Walivuna nafaka wakauza wenyewe. Mtu ana ghala limejaa, wewe unamwambia aache shamba lake akalime la mwingine kwa senti chache ili alipe kodi yako? Hata mimi ningekataa. Hata wewe. Lakini maofisa hawakuandika kwamba hawa ni wakulima wanaojua hesabu. Waliandika kwamba ni wavivu. Mtu anayekataa kukufanyia kazi akawa ni mtu asiyefanya kazi. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na sisi tumeyarithi yakiwa yamechanganywa.

Mwaka wa 1913 mwanamke mjane, Mekatilili wa Menza, akasimama. Alizaliwa katika karne hiyo hiyo ya kumi na tisa, na masimulizi ya Wagiriama yanasema alimwona ndugu yake mwenyewe akichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa. Kwa hiyo alipoona ofisa Arthur Champion anakuja kutafuta vijana wa kwenda kufanya kazi, hakuhitaji kuelezwa. Alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu, akakusanya watu Kaya Fungo, wakala kiapo kwamba hakuna kutoa vijana, hakuna kutii.

Oktoba mwaka huo wakamkamata, yeye na Wanje wa Mwadorikola. Serikali ikatafuta mahali pa mbali kabisa pa kuwatupa, mahali ambapo hawajui lugha wala njia. Ikachagua Kisii.

Ndiyo. Hapa. Getembe.

Januari 1914 wakatoroka, wakarudi pwani. Kwa barabara ya leo kutoka hapa hadi Mombasa ni karibu kilomita 800. Yeye hakupanda basi la jioni. Agosti 1914 serikali ikalipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita na Wagiriama vikaanza. Wakamkamata tena. Lakini kile kiapo kilishafanya kazi yake.

Na hapa Kisii alifungwa katikati ya watu gani? Watu ambao walikuwa wametoka tu kupigwa. Wazungu walitushambulia mwaka wa 1905. Januari 1908 Otenyo akamchoma mkuki ofisa Northcote, huku Moraa akiwatia vijana moyo wakatae utawala huo. Kilichofuata ni nyumba kuchomwa, ng'ombe kuchukuliwa na watu kuuawa. Kisha kodi. Kisha vijana kutafutwa waende kufanya kazi mbali na kwao. Sisi hatukuitwa wavivu, tuliitwa wakaidi. Ni jina jingine kwa kosa lile lile: kukataa.

Ndiyo maana hayo maneno ya kwenye matatu yananiuma. Moraa na Mekatilili hawakuwahi kuonana, lakini walipigana na kitu kimoja. Halafu mjukuu wa Moraa anakaa kwenye kiti cha dirisha anamcheka mjukuu wa Mekatilili kwa neno lililotungwa na yule yule aliyechoma nyumba zao wote wawili. Hiyo ni aibu yetu.

Mimi sisemi kila mtu wa pwani anaamka saa kumi alfajiri. Hata hapa Kisii tuna watu wanaoshinda kwenye steji wakihesabu magari, na tunawajua kwa majina. Ninachosema ni kwamba mji ule ulijengwa, ukalishwa na ukafanywa tajiri na watu waliofanya kazi mpaka wakafa nayo, na wengi hawakulipwa hata senti. Ukimkuta mtu wa pwani hana shamba, uliza kwanza shamba lilienda wapi.

Walimu wa Kisii na Nyamira, nawaomba. Mkifika kwa Mekatilili, msiseme tu "alihamishiwa Kisii" mkaenda mbele. Simamisheni somo hapo. Waambieni watoto ni mji huu huu wanaopita kila siku wakienda sokoni.

Na wewe unayesoma: kama magokoro au babu yuko hai, muulize kama wazee wake walisimulia kuhusu wafungwa wa pwani walioletwa Getembe enzi za wakoloni. Mtu yule hakutoka jela na kupita nchi yote hii bila kula. Kuna mlango aliopiga hodi, na kuna mtu aliyempa maji. Kama ni nyumba ya kwenu, tafadhali andikeni kabla wazee hawajaondoka nayo.