Kengele Iliyogongwa Chini ya Ziwa

Usiku mmoja wa Novemba 1826, Jean-Daniel Colladon alikuwa ndani ya mashua karibu na Thonon, kwenye Ziwa Geneva, sikio amelitega kwenye mrija mrefu wa bati uliozamishwa majini. Ng'ambo, upande wa Rolle, mita 13,487 kutoka hapo, mashua nyingine ilikuwa imening'iniza kengele chini ya maji. Nyundo yake ilifungamanishwa na moto, hivi kwamba kengele ikigongwa tu, baruti inalipuka juu ya mashua. Colladon anaona mwako, anaanzisha saa. Mlio ukifika mrijani, anaisimamisha: sekunde 9.4. Muda wa mwanga hakuwa na haja ya kuuhesabu, kwani masafa yale huyavuka kabla hujapepesa jicho.

Kwa hesabu hiyo sauti ilikwenda mita 1,435 kwa sekunde, katika maji ya nyuzi 8 za Selsiasi. Hewani hata 350 haifiki. Kijana huyu wa Geneva na mwenzake, mwanahisabati Charles Sturm, walikuwa wakiwania tuzo ya Akademia ya Sayansi ya Paris kuhusu kubanwa kwa vimiminika, na waliipata 1827.

Kengele inahusiana vipi na kubanwa kwa maji? Ukiigonga kwa hasira au kwa upole, mlio utafika wakati uleule. Nguvu ya mkono hubadilisha ukubwa wa sauti tu. Kasi ya wimbi huamuliwa na kitu linamopita. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, na uzito huchelewesha. Lakini ni magumu kubanwa kuliko hewa takriban mara 15,000, na ugumu huharakisha. Gawanya, tafuta kipeuo cha pili, unapata 4.3: ndiyo mara ambazo sauti huipita majini kasi yake ya hewani, au karibu sana na hapo.

Mimi hunivutia zaidi jambo ambalo vitabu vya shule hulipita. Colladon aliona kwamba, mbali na kengele, mtu akitoa kichwa majini hasikii kitu. Sauti inayofika usoni mwa maji kwa kuinama sana hurudi chini karibu yote, kwa kuwa hewa na maji vimepishana mno kwa uzito na ugumu.

Mwaka 1841, akiwa mwalimu Geneva, alikutana na jambo la jamaa hiyohiyo. Alitaka wanafunzi waone vizuri maji yanayochuruzika kutoka kwenye tundu la tangi, akaelekeza mwanga kwenye tundu hilo. Mwanga haukutoka nje. Ulijipinda pamoja na maji hadi yalipoangukia. Hapa sababu ni nyingine. Mwanga huenda polepole zaidi majini kuliko hewani, na ukiupiga ukingo kwa kuinama vya kutosha, hauna njia ya kutokea. Wenye majukwaa ya opera Paris waliupenda mchezo huo, wakautumia kupamba maonyesho.

Mikongo ya mawasiliano iliyotua Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 hubeba mwanga kwa kanuni hiyo, ila mahali pa maji pana uzi wa kioo, na kasi ndani yake ni kama kilomita 200,000 kwa sekunde.