Watakatifu wa Ngomeni: Historia Fupi ya San Marco

Anayetoka Malindi kwenda Garsen hupita Gongoni, mji wa viwanda vya chumvi, na hapo ndipo barabara ya Ngomeni inapokata kulia kuelekea baharini. Mbele ni kijiji cha wavuvi, mikoko, kisha ua wenye antena kubwa zilizotazama juu. Ukiangalia majini, mbali kidogo na ufuko, yamesimama majukwaa ya chuma yaliyokula kutu. Kutoka kwenye majukwaa hayo, kati ya 1967 na 1988, zilirushwa satelaiti tisa.

Mahali hapa pana majina mengi kuliko panavyostahili. Kwa karatasi ni Kituo cha Anga za Juu cha Luigi Broglio. Wenyeji wanasema San Marco tu. Wanasayansi wanaopokea data zake wanaandika Malindi, ingawa Malindi iko kama kilomita 30 kusini. Ngomeni yenyewe, ambayo ndiyo ardhi inayobeba mzigo wote huo, hutajwa mwisho, na Gongoni haitajwi kabisa.

Kituo ni kazi ya mtu mmoja kuliko ya serikali yoyote. Luigi Broglio alizaliwa 1911 huko Mestre, pembeni mwa Venice. Alikuwa mhandisi, afisa wa jeshi la anga la Italia na profesa wa Chuo Kikuu cha La Sapienza, Roma. Mwaka 1962 alifanikisha makubaliano kati ya nchi yake na Marekani: Waitaliano wangeunda satelaiti na kujenga mahali pa kuirushia, Wamarekani wangetoa roketi aina ya Scout na kuwafundisha mafundi. Italia haikuwa na ardhi ya kufaa. Broglio alitaka ikweta, maana dunia huzunguka kwa kasi zaidi hapo, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Tena alitaka bahari wazi upande huo huo, ili vipande vya roketi vianguke majini pasipo mtu. Ghuba ya Ungwana, chini kidogo ya nyuzi tatu kusini mwa ikweta, ilikuwa na vyote viwili. Ramani za wakati huo ziliiita Formosa, jina la Kireno. Kwa hiyo mradi ulianza kwenye maji ambayo tayari yalikuwa na jina la mgeni.

Jukwaa la kwanza lilitumika awali kutafutia mafuta. Likaitwa Santa Rita, mtakatifu ambaye Wakatoliki humwomba mambo yanapoonekana hayawezekani. Anayejua bajeti ya Broglio ilivyokuwa hatashangaa. La kurushia likaitwa San Marco, kwa jina la mtakatifu mlinzi wa Venice. Tarehe 25 Machi 1964 roketi ndogo ya majaribio iliruka kutoka Santa Rita. Bendera ya Mwingereza ilikuwa imeshushwa Nairobi miezi mitatu tu kabla.

Tuutazame wakati huo vizuri. Katika miaka hiyo ya sitini Kenya ilikuwa ikifuta majina. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Prince of Wales ikawa Nairobi School, Duke of York ikawa Lenana. Klabu za walowezi ndizo zilizojikaza. Mombasa Club, iliyoanzishwa 1897 karibu na Fort Jesus kwa ajili ya Wazungu, ilifungua milango lakini haikugusa jina. Royal Nairobi Golf Club ilipewa neno Royal na mfalme wa Uingereza mwaka 1935, na mpaka leo linang'ara langoni, nusu karne na zaidi tangu mfalme aondoke. Klabu inaweza kujitetea kwamba ni mali ya wanachama wake. Lakini pale Ngomeni hapakuwa na jina la zamani la kutetewa: taifa likiwa changa, lilipokea jina jipya la kigeni kwenye bahari yake, na sioni dalili kwamba lilihangaika nalo. Mtakatifu wa Venice hakuwa mlowezi kama Delamere. Hakuwahi kumnyang'anya mtu shamba.

San Marco 1, satelaiti ya kwanza ya Italia, ilirushwa na Waitaliano kutoka Wallops, Virginia, tarehe 15 Desemba 1964. Ya pili ndiyo yetu: tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 iliondoka kwenye jukwaa la Ngomeni kwenda kupima uzito wa hewa ya juu kabisa.

Kisha likaja tukio ambalo peke yake lingetosha kuandikiwa historia hii. Wamarekani walikuwa na satelaiti ndogo, kilo 140 hivi, ya kutafuta miale ya eksirei angani. Angahewa huizuia miale hiyo, na vifaa vya awali vilipandishwa kwa roketi zilizokaa juu dakika chache tu kabla ya kuanguka. Mtaalamu wa kazi hiyo alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyehamia Marekani. Msimamizi wa mradi alikuwa Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kukabidhiwa satelaiti nzima katika NASA. Walihitaji njia inayofuata ikweta, ili chombo kiepuke eneo la chembe zenye umeme lililo juu ya Atlantiki ya Kusini. Basi wakaja Ngomeni.

Roketi iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru. Kabla ya kuruka satelaiti iliitwa SAS-A, jina la faili. Ilipofika juu salama ikaitwa Uhuru, kwa kuheshimu siku hiyo na watu wa Kenya walioipokea kazi hiyo.

Mtu anaweza kusema hiyo ilikuwa heshima ya bei nafuu, na hatakuwa amekosea sana. Mkenya hakuiunda Uhuru, na jina lake lilitolewa na mgeni. Hata hivyo limefika mbali kuliko watakatifu wote wawili. Uhuru ilifanya kazi mpaka 1973. Ilisaidia kutambua kwamba chanzo cha eksirei kiitwacho Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi, na orodha yake ya nne, iliyotolewa 1978, ina vyanzo 339 vya eksirei. Vyanzo hivyo vimeandikwa kwa 4U, na herufi U ni ya Uhuru. Mwanafunzi wa nyota huko Tokyo au Santiago anayeandika 4U 1700-37 anaandika neno letu bila kujua. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Yaliyofuata ni ya kupitia haraka: San Marco 3 mwaka 1971, Ariel 5 ya Waingereza 1974, SAS-3 mwaka 1975, na mwisho San Marco D/L, tarehe 25 Machi 1988. Scout ilikuwa imezeeka na Marekani ikaiacha. Italia ilipopata roketi yake, Vega, iliirusha mara ya kwanza mwaka 2012 kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Majukwaa yakabaki na kutu. Antena za nchi kavu ndizo zilizoendelea: zimezihudumia satelaiti kama BeppoSAX, Swift ya Marekani, na AGILE iliyorushwa kutoka India mwaka 2007.

Huku nyuma Malindi ikawa mji wa pizza na mabango ya Kiitaliano. Si haki kusema San Marco ndiyo iliyowaleta wote, maana utalii ulikuwa na njia zake. Lakini mafundi wa Broglio walikuwa miongoni mwa Waitaliano wa mwanzo kuuzoea mwambao huu.

Broglio alifariki Januari 2001, na kituo kikapewa jina lake. Shirika la Anga la Italia likakichukua kutoka chuo kikuu. Tarehe 24 Oktoba 2016, mjini Trento, Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya, baada ya malalamiko ya miaka mingi kwamba mwenyeji hapati kitu. Uliahidi mafunzo kwa Wakenya, data, na kituo cha kanda cha kuangalia dunia kutoka angani. Shirika la Anga la Kenya lilianzishwa 2017. Satelaiti ya Kenya, Taifa-1, iliruka tarehe 15 Aprili 2023. Iliruka kutoka California.

Kumbukumbu za kituo hiki zimejaa majina ya maprofesa na wahandisi. Walioendesha mashua kupeleka watu majukwaani, waliopika, waliochomelea vyuma na kulinda usiku hawamo. Baadhi yao, au watoto wao, bado wako Ngomeni, Gongoni na Marereni. Walimu wa shule za Magarini, wapeni wanafunzi wenu daftari na muwatume kwa wazee hao mwaka huu. Watakachoandika kipelekwe Makumbusho ya Malindi, kikiwa na majina kamili.